Bunia ni mji bila kuhesabiwa. Mongbwalu na Ariwara hutegemea tarakimu

Sheria ya Congo hupima ukubwa wa makazi kwa tarakimu mbili: 100,000 na 20,000. Sheria namba 08/016 ya Oktoba 7, 2008 inasema makazi yenye watu wasiopungua 100,000, pamoja na huduma za umma na miundombinu, yanaweza kupewa hadhi ya mji kwa amri ya Waziri Mkuu. Yakiwa na watu 20,000, yanaweza kuwa komini. Tarakimu hizo ziko wazi, ila sensa ya mwisho ya watu nchini ilifanyika mwaka 1984.

Wasiohitaji kuhesabiwa

Makao makuu ya jimbo ni mji moja kwa moja, na makao makuu ya teritware ni komini moja kwa moja. Ndiyo maana Bunia, makao makuu ya Ituri tangu jimbo la Orientale lilipogawanywa mwaka 2015, ni mji wenye komini tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, bila kulazimika kuthibitisha idadi ya wakazi wake. Aru na Mahagi nazo zinabebwa na teritware zao.

Mongbwalu, kitovu cha dhahabu huko Djugu, na Ariwara, soko kubwa la teritware ya Aru, si makao makuu ya jimbo wala ya teritware. Makazi ya aina hiyo hupandishwa hadhi kwa kigezo cha idadi ya watu.

Nusu asilimia inaamua

Kwa kuwa hakuna sensa mpya, watu hukisiwa. Tuchukue mfano wa makazi yaliyokuwa na watu 6,000 mwaka 1984, tuyakuze hadi 2024. Yakikua kwa asilimia 2.5 kwa mwaka, yanafika watu 16,110. Kwa asilimia 3, yanafika 19,572. Kwa asilimia 3.5, ni 23,756. Kwa makisio ya kwanza hakuna komini. Kwa ya pili wamepungua watu 428. Kwa ya tatu wamevuka. Hakuna hata mtu mmoja aliyehesabiwa upya katika hesabu hizo tatu. Anayechagua kiwango cha ukuaji ndiye anayechagua hadhi.

Fedha inayofuata

Hadhi ina bei yake. Katiba ya 2006 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa. Sheria ya 2008 inazipa miji, komini, sekta na sultanati asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo. Kwa hiyo, kati ya kila faranga 100, 40 ni za majimbo, na ndani ya hizo 16 ni za mamlaka za chini. Kwa vitendo, mgao huo haujawahi kufuatwa kama ulivyoandikwa. Hata hivyo, vigezo vya kuzigawa hizo 16 ni vitatu: uwezo wa kukusanya mapato, eneo na idadi ya watu. Hapo hata Bunia, isiyohitaji tarakimu ili iitwe mji, inaihitaji ili ilipwe.

Ituri ina ugumu wake wa kuhesabu watu. Takwimu za ofisini huanzia kwenye madaftari ya mashefu wa kartie na wa vijiji. Familia iliyokimbia Djugu na kuishi kambi ya Kigonze, Bunia, huenda bado imo kwenye daftari la kijijini, huku maji, shule na zahanati inavyotumia vikiwa mjini. Ikiandikwa kotekote, jumla inavimba. Isipoandikwa popote, Bunia inahudumia watu wasio na bajeti.

Kwa kulinganisha, Kenya huhesabu watu wake kila baada ya miaka 10. Sensa ya 2019 ilipata milioni 47.6. Mwaka huohuo, kabla ya sensa, bunge lake lilikuwa limeshusha kigezo cha jiji kutoka watu 500,000 hadi 250,000. Nchini Congo, komini ya Minembwe huko Kivu Kusini ilizinduliwa Septemba 28, 2020. Oktoba 8 Rais Tshisekedi akatangaza kuifuta, baada ya mabishano makali kuhusu uhalali wake na ardhi.

Sensa ni kazi ya Kinshasa, lakini jimbo halikosi la kufanya. Kila tarakimu ya watu inayotumika kugawa fedha Ituri itangazwe pamoja na mwaka ilipoanzia, kiwango cha ukuaji kilichotumika, na wakimbizi wa ndani walihesabiwa upande gani. Mkazi yeyote anayeambiwa wamepungua 428, kama katika mfano wetu, ana haki ya kuonyeshwa hesabu hiyo.