Bukari hushibisha, mboga hutuliza

Kijana aliyetoka Dilolo kutafuta kazi migodini Kolwezi, siku ikimwendea vibaya, hatamani keki. Hutamani bukari ya moto, yaani ugali wa unga wa mahindi au wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakalainika, yenye karanga na samaki mkavu. Akishakula husema roho imetulia. Kilichomtuliza ni nini?

Kwanza, ni kumbukumbu. Mwaka 2011 wanasaikolojia wa Marekani, Jordan Troisi na Shira Gabriel, walionyesha kwamba chakula cha faraja hutukumbusha watu wetu wa karibu. Kwao kilikuwa supu ya kuku. Kwetu harufu ya sombe humrudisha mtu jikoni kwa mama yake.

Lakini faraja hiyo tusiipe sifa kupita kiasi. Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2014, watu walioneshwa filamu za huzuni. Waliopewa chakula chao cha faraja, waliopewa chakula kingine na wasiokula kitu, wote nyoyo zao zilitulia sawasawa.

Kazi kubwa ya chakula katika hali ya moyo huonekana kwa wiki na miezi. Ubongo hutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kuratibu hisia na usingizi, kutokana na triptofani, na mwili hauwezi kujitengenezea triptofani. Huipata kwenye karanga, maharagwe, samaki na mayai. Mahindi yana kidogo, na vitamini B3 iliyomo imefungwa kiasi kwamba tumbo haliifaidi. Unga wa muhogo nao una protini chache kuliko wa mahindi.

Anayeishi kwa mahindi karibu matupu hatimaye huweza kupata pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo: ngozi inayopigwa na jua huchubuka, tumbo huharisha, kisha huja hasira, huzuni na kuchanganyikiwa. Hayo yalitokea kwenye reli yetu wenyewe. Njia ya reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931 kupitia Dilolo, hupita karibu na Kuito, Angola. Huko, mwaka 1999, vita vikiwa vimewajaza watu mjini na chakula kikuu kikiwa mahindi, pelagra ililipuka.

Mlo bora, kwa upande wake, huinua moyo. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 67 wenye sonona. Baada ya wiki 12, karibu theluthi moja ya waliosaidiwa kula mboga, kunde, samaki na karanga walikuwa wamepata nafuu kamili. Kwa waliopewa mazungumzo tu, ni 8 kati ya 100. Jaribio ni dogo, ila linastahili kusikilizwa.

Fedha zikipungua, wengi wetu huongeza bukari na kupunguza mboga. Tufanye kinyume: tonge lipungue, kiganja cha karanga kibaki ndani ya sombe. Na huzuni ikipita wiki mbili, usingizi ukikataa, nenda kituo cha afya. Hapo sombe peke yake haitoshi.