Fahamu: Je, mwenye shahada nyingine anaweza kuwa mwanasaikolojia Uvira?

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, mashariki mwa Kongo, ukabeba nyumba na watu, na vita navyo havijaacha Uwanda wa Ruzizi wala milima ya Mulenge. Mama asiyepata usingizi kila mvua ikianza hupelekwa kwa muuguzi au mchungaji, maana mwanasaikolojia ni adimu. Uadimu huo una historia: mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipounganisha vyuo vikuu kuwa kimoja cha taifa, UNAZA, saikolojia iliwekwa Kisangani, mbali mno na Ziwa Tanganyika. Ndiyo maana naona mwalimu, muuguzi au mwanasheria mwenye shahada yake afunguliwe mlango wa masta ya saikolojia, asilazimishwe kuanza upya mwaka wa kwanza.

Wapo wanaouliza: aliyesoma sheria atamsaidiaje aliyeumia moyo? Swali ni la haki, ila halifungi mlango. Uingereza, wenye shahada nyingine husoma kwanza kozi ya mpito: takwimu, ukuaji wa mtoto, ubongo na tabia, mbinu za utafiti. Kozi hiyo peke yake haimfanyi mtu mtabibu. Hufuata mafunzo zaidi na kazi chini ya msimamizi. Kenya nayo ilitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, inayotaka wasajiliwe. Basi wewe unayetaka kubadili fani, kabla ya kulipa ada uliza chuo mambo mawili: kama shahada yako inakubalika, na nani atakusimamia utakapoanza kukaa na wagonjwa.