Wingu Lenye Anwani: Jeddah, Riyadh na Rekodi za Wazee Wetu



Mwaka huu katika mikutano ya klabu neno "wingu" limetajwa kuliko neno lolote, isipokuwa labda "ada". Weka kwenye wingu. Imo kwenye wingu. Usijali, wingu linatunza. Kwa maoni yetu neno hili limetuponza kidogo, kwa sababu wingu tunalolijua kwa Kiswahili hupita: linanyesha au halinyeshi, kisha limekwenda zake. Wingu la kompyuta haliendi popote. Limejengwa kwa zege, lina walinzi getini na jenereta nyuma ya ukuta, tena lina sheria ya nchi inayolihusu. Sisi watatu tunaoandika, wawili tumekulia Jeddah na mmoja Riyadh, tukaona tueleze jinsi kitu hiki kilivyojengwa na kinavyotawaliwa katika miji hiyo miwili. Sababu yetu si udadisi mtupu. Klabu ina rekodi za sauti za mabibi na mababu zetu, na inabidi tuamue zitakaa wapi.

Tuanze na jengo. Kituo cha data, kwa mtu anayepita nje, ni kama ghala lisilo na madirisha. Ndani yake kuna safu za makabati ya chuma, na kila kabati limejaa seva, yaani kompyuta bapa zisizo na kioo wala kibodi. Seva hutoa joto mchana na usiku, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya jengo hilo ni kupoza. Mjini Riyadh mwezi wa Julai joto la nje hupita nyuzi 43, na mtu yeyote aliyewahi kulipa bili ya kiyoyozi huko anaelewa tunachosema. Umeme ukikatika, betri hushika kwa dakika chache hadi jenereta za dizeli ziwake. Hakuna cha ajabu zaidi ya hapo. Ajabu iko katika mpangilio.

Kampuni za wingu huigawa dunia katika sehemu ambazo sisi tumeamua kuziita kanda. (Mmoja wetu alipendekeza "mikoa", wenzetu wa Kenya wakasema mikoa yao ilishageuka kaunti, na mjadala ukachukua saa nzima. "Kanda" ikashinda, ingawa bibi mmoja alipoambiwa kuna kanda Jeddah aliuliza ni ya taarab au ya mawaidha.) Kanda ni eneo moja la kijiografia lenye kituo cha data kimoja au zaidi, na kila kanda hujitegemea: ina umeme wake, mitambo yake na njia zake za mawasiliano. Oracle ilifungua kanda Jeddah mwezi wa Februari 2020, kisha ya pili Riyadh Agosti 2024. Huawei iliingia Riyadh mwaka 2023, na Novemba mwaka huohuo Google ikafungua yake Dammam, upande wa Ghuba. Hapa tutatumia Oracle kama mfano kwa kuwa ndiyo iliyo katika miji yetu yote miwili, si kwa kuwa tumelipwa. Hatujalipwa.

Ndani ya kanda kuna ngazi nyingine. Kampuni kama Amazon huweka katika kila kanda vituo visivyopungua vitatu vilivyotengana kwa kilomita kadhaa, ili moto ukizuka kimoja vingine viendelee. Kanda ya Oracle ya Jeddah ina eneo moja tu la namna hiyo, lakini mitambo ya ndani imegawanywa katika mafungu matatu ya hitilafu. Maana yake, ukiwa na seva mbili zinazofanya kazi moja, unaziweka katika mafungu tofauti. Mtambo wa fungu la kwanza ukiharibika, au mafundi wakiuzima kwa ukarabati, fungu la pili halijui hata kilichotokea. Ni akili ileile ya mama anayesafiri na pesa kidogo mkobani na nyingine zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Lakini mafungu yote matatu yako Jeddah. Tarehe 25 Novemba 2009 mvua ya saa chache iliifurisha Jeddah na watu zaidi ya 100 wakafa. Wazazi wetu bado wanasimulia magari yaliyokuwa yakielea barabarani. Novemba 2022 mji ulifurika tena. Mgawanyo wowote ndani ya mji mmoja haukusaidii siku kama hiyo, na ndiyo maana kanda ya pili ina thamani: Riyadh iko bara, kwenye uwanda wa juu wa mita 600 hivi, kilomita 850 kutoka Jeddah kwa ndege. Mafuriko ya pwani hayafiki huko. Nao Riyadh wana vumbi lao, ambalo halifiki Jeddah. Kabla ya 2024, mteja wa Oracle mwenye data Jeddah hakuwa na kanda nyingine ya kampuni hiyo ndani ya nchi ya kuweka nakala. Ilibidi nakala ivuke mpaka. Umbali nao una gharama yake. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kati ya miji hii huchukua takriban milisekunde 10. Kwa rekodi ya bibi si kitu. Kwa benki inayosubiri miji yote miwili ikubaliane kabla ya kila malipo, ni kitu.

Hapa Afrika Mashariki inaingia. Tazameni ramani: Jeddah, Mombasa na Dar es Salaam ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki. Ukishuka kusini moja kwa moja kutoka Jeddah, baada ya kilomita 2,800 na ushei uko Mombasa. Mikongo ya baharini haiwezi kunyooka hivyo, kwani ardhi iko njiani. Hutoka Bahari ya Shamu, hupita Bab el-Mandeb na kuizunguka Pembe ya Afrika. Jeddah ni mojawapo ya vituo vikubwa vya mikongo katika bahari hiyo, na mlango wa Bab el-Mandeb ni mwembamba kwelikweli. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika huko, ukiwamo wa Seacom unaoihudumia Afrika Mashariki, na inaaminika ilikatwa na nanga ya meli Rubymar iliyokuwa imeshambuliwa na kuachwa ielee. Septemba 2025 mikongo mingine ilikatika karibu na Jeddah yenyewe, na Microsoft ikawatangazia wateja wake kwamba mawasiliano yanayopita Mashariki ya Kati yangechelewa. Kwa hiyo mtu anayesema data yake iko salama "mawinguni" huenda data hiyo iko salama kweli, ila njia ya kuifikia imelala chini ya bahari, na nanga haina macho.

Nyumba ya kupanga

Tukitoka kwenye zege na nyaya, tunaingia kwenye utawala, na kwetu hii ndiyo sehemu iliyotugusa zaidi. Kiswahili kina maneno tayari: mwenye nyumba na mpangaji. Fikirieni nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kila familia na chumba chake, uani pakiwa pa wote. Wingu ni nyumba ya aina hiyo, isipokuwa wapangaji hawasikii hata kikohozi cha jirani. Unapofungua akaunti ya Oracle unapata upangaji wako, na siku hiyohiyo unaulizwa kanda yako ya nyumbani ni ipi. Orodha ya watumiaji wako na ruhusa zao hutunzwa huko. Baadaye unaweza kujiunga na kanda nyingine, lakini ya nyumbani haibadilishwi. Swali lenyewe huulizwa kwa mstari mmoja tu wa fomu.

Ndani ya upangaji unagawa vyumba, na vyumba vinaweza kuwa ndani ya vyumba hadi ngazi sita. Wengi hudhani chumba ni sehemu fulani ya seva. Sivyo. Chumba ni mpaka wa kiutawala tu: chumba kimoja kinaweza kuwa na vitu vilivyo Jeddah na vingine vilivyo Riyadh kwa wakati mmoja. Jengo linasema kitu kiko wapi. Chumba kinasema nani ana amri juu yake. Ramani hizi mbili hazifuatani.

Amri huandikwa kwa sentensi ambayo karibu ni sarufi ya darasani: ruhusu kundi fulani kutenda jambo fulani katika chumba fulani. Vitenzi ni vinne, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia: kukagua, kusoma, kutumia, kusimamia. Asiyetajwa katika sentensi yoyote hana ruhusa yoyote, hata kama ndiye aliyeimba kwenye rekodi.

Na juu ya mwenye nyumba kuna serikali. Kanuni za usalama wa mtandao zilizotolewa Saudia mwaka 2018 ziliagiza taasisi za serikali zihifadhi taarifa zao ndani ya nchi, na mwaka 2020 ikaja sera ya kuzitaka taasisi hizo zifikirie wingu kwanza kabla ya kununua mitambo yao. Ukiziweka pamoja utaona kwa nini kampuni zilikuja kujenga. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Data Binafsi ilianza kutumika tarehe 14 Septemba 2023, na wahusika wakapewa mwaka mmoja kujirekebisha. Inampa mtu haki ya kujua data yake inatumikaje, kupata nakala, na kuomba irekebishwe au iharibiwe. Haibagui raia na mgeni. Dada aliyetoka Kilifi au Kampala kufanya kazi ya nyumbani Riyadh, ambaye mkataba wake uliandikishwa katika mfumo wa Musaned na ukaazi wake unaonekana katika Absher, naye ana haki hizo. Je, kuna aliyemweleza kwa Kiswahili? Sisi hatujaona karatasi hiyo, na tungependa klabu iiandike.

Kwao nako kuna sheria: Kenya na Uganda tangu 2019, Tanzania sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Rekodi ya bibi aliye Lamu ikipelekwa Jeddah inagusa sheria mbili, na bibi mwenyewe alichoambiwa ni kwamba wajukuu wanataka kusikia hadithi za zamani.

Basi hivi ndivyo tulivyopendekeza kwenye mkutano uliopita. Kanda ya nyumbani iwe Jeddah, nakala ikae Riyadh. Vyumba viwili: kimoja cha rekodi ambazo wenyewe wameruhusu zisikike na yeyote, kingine cha zile zenye habari za ndoa, madeni na maradhi, ambazo hata wahariri wa jarida hawana ruhusa ya kuzisoma bila familia kukubali. Kusimamia kupewe watu wawili, mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja, kwa sababu wanafunzi huhitimu kila mwaka na huondoka na manenosiri yao. Mweka hazina aliuliza kwa nini tulipie mahali pawili kitu kilekile. Tulimjibu kwa kumtajia mwaka 2009.

Kabla ya kupandisha chochote, kila mwanachama aliyerekodi mzee wake ampigie simu tena, amweleze kwa lugha anayoielewa kwamba sauti yake itakaa ndani ya jengo Saudia, katika miji miwili, na amtajie majina ya watu watakaokuwa na ufunguo. Hadi tunapeleka makala hii kwa mhariri, wazee saba wamekubali, mmoja amekataa, na bibi mmoja amesema atajibu akishajua hilo jengo ni la nani.