Je, Wajua? Pakiti ya Vidonge Isiyo na Mnunuzi

Je, wajua kwamba pakiti bapa ya vidonge unayouziwa kwenye kemisti ya Kitale au Bungoma ni vitu viwili vilivyogandishwa pamoja? Bonyeza kidonge kitoke, kisha itazame: mbele plastiki angavu, mara nyingi PVC, nyuma utando wa alumini. Jaribu kuvibandua kwa kucha. Utachoka, na mnunuzi wa plastiki kuukuu kwa kilo hana muda huo.

PVC yenyewe ni mkorofi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na ikichomwa shimoni kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu isiyoisha upesi. Ikichanganyika na chupa za plastiki za soda zinazoyeyushwa upya, huungua kabla hizo hazijayeyuka na kuharibu mzigo mzima. Hata beseni la maji halizitenganishi, maana zote mbili huzama.

Sasa geuza chupa nyeupe ya vidonge. Kwenye kitako mara nyingi utaona pembetatu yenye namba 2: polithini ngumu tupu. Huelea, husagwa, huyeyushwa upya. Tofauti hiyo ilianzia mezani kwa mbunifu wa kifungashio, na wapo watengenezaji ng'ambo wanaounda pakiti bapa za polithini pia. Kenya nayo, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, humtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika.

Ila plastiki iliyoguswa na damu, iwe na namba yoyote, ni ya mfuko wa njano wa taka hospitalini.