Vinasaba 'vinavyohama' vyafichua hamira ya kwenye mvinyo

MTENGENEZA mvinyo anaponunua hamira, ananunua tabia. Ipo inayostahimili kilevi kikali, na ipo inayoleta harufu ya matunda. Lakini ndani ya pipa huingia pia hamira za porini zilizokuja na zabibu, na nyingine zilizobaki kwenye vifaa. Kwa darubini, nyingi kati yake zinafanana. Je, atajuaje kama aliyoilipia ndiyo iliyofanya kazi?

Jibu limo ndani ya hamira yenyewe.

Miaka ya 1940, Barbara McClintock wa Marekani, akichunguza mahindi, aligundua kuwa vipande vya vinasaba vinaweza kuhama. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1983.

Hamira ya mkate na mvinyo, Saccharomyces cerevisiae, nayo ina vipande hivyo, viitwavyo Ty. Vinasaba vyake, vilivyosomwa vyote mwaka 1996, vina herufi zipatazo milioni 12. Karibu asilimia 3 ni Ty na mabaki yake.

Ty haing'oki ilipo. Hutoa nakala ya RNA, ambayo hugeuzwa kuwa DNA na kupachikwa mahali pengine. Jef Boeke, Gerald Fink na wenzao walilithibitisha hilo mwaka 1985. Ikitua katikati ya jeni, huweza kuiharibu. Baadaye Ty nyingi hupotea na kuacha ncha tu, iitwayo delta, yenye herufi kama 330. Kwa kuwa kila ukoo wa hamira una historia yake ya uhamaji, mpangilio wa delta hutofautiana.

Maabara huzidisha DNA iliyo kati ya delta zilizo jirani, kisha huvipanga vipande kwa urefu. Michirizi inayoonekana hutumika kama alama ya kidole. Njia hiyo ilianza mwaka 1993, na mwaka 2003 Jean-Luc Legras na Francis Karst wa Ufaransa waliiboresha.

Michirizi ya sampuli ya pipa ikilingana na ya pakiti, fedha haikupotea. Isipolingana, mwenye kiwanda akague usafi wa vifaa na kiasi cha hamira alichoweka.

Hata hivyo, uhamaji haukomi. Hamira inayorudiwa kutumika vizazi vingi huweza kubadilika. Ndiyo maana maabara huhifadhi hamira mama kwenye baridi kali, kama mkulima anavyotenga mbegu bora kabla ya kuuza mavuno.