Mafuriko ya Bwaise na Hesabu za Mtoza Kodi

Bwaise, mtaa wa bondeni kaskazini mwa Kampala ambako maji ya mfereji wa Lubigi huingia madukani mvua kubwa inaponyesha, ni mahali pazuri pa kuupima EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki. Tangu Januari 2021, kila aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani kodi ya asilimia 18 inayomlazimu mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 150 kwa mwaka, hutoa risiti kupitia mfumo huo, ambao huifikishia Mamlaka ya Mapato ya Uganda taarifa za kila mauzo.

Taarifa hizo huwezesha upimaji wa hatari, yaani kulinganisha manunuzi, mauzo na ritani ili wale ambao hesabu zao hazioani wakaguliwe kwanza. Forodhani jambo hili limezoeleka, kwani shehena hupitishwa njia ya kijani, ya njano au nyekundu kulingana na shaka iliyopo.

Dukani, hata hivyo, shaka huweza kuzaliwa na maji. Gunia la sukari la kilo 50, lililoandikishwa kama mali iliyoko stoo, likilowa usiku huyeyuka na kuishia mferejini, lakini ndani ya EFRIS bado limesimama palepale, hadi mwenyewe aingie na kulipunguza akitaja kwamba limeharibika. Asipofanya hivyo, kwa kuwa asubuhi hiyo anakomba tope, pengo litakaloonekana baadaye halitofautiani na la mtu aliyeuza bila risiti. Hasira ya Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka kuipinga EFRIS na faini zake, haikuwa ya wakwepa kodi pekee.

Ndiyo maana anayetiliwa shaka na mfumo anahitaji njia ya kuupinga. China, inayowapanga walipakodi wa kampuni katika madaraja ya A, B, M, C na D, humruhusu asiyeridhika kuomba daraja lake lipitiwe upya. Uganda nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomwathiri sana usiachiwe mashine peke yake. Haki hiyo inastahili kuelezwa kwa Kiganda na Kiswahili, dukani kwenyewe, na mkaguzi aliyetumwa na kompyuta akubali kuutazama mstari wa tope uliobaki ukutani kabla ya kuandika faini.