RWENZORI: KUPANDA KUNAPIMWA KWA USIKU



Tangu wadogo wetu wa mwaka wa saba na wa nane walipojifunza juu ya Himalaya katika somo la jografia, hakuna tena amani uwanjani. Kila mtu anataka kujua ginsi watu wanavyotembea siku kumi na mbili au kumi na nne katika milima ile, wakilala kijiji kwa kijiji, mpaka kufika chini ya Everest. Mmoja alisema mbele yangu kwamba sisi wa Masisi tungemaliza njia ile kwa siku tatu, juu tumezoea vilima tangu utoto. Wenzake walimpigia makofi. Basi mimi kama kapita nikaombwa niandike jibu katika gazeti letu. Nitajibu, lakini nitapitia njia ya kwetu kwanza, maana katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini kuko mlima wenye barafu, na wengi katika shule hii hawajui kama sehemu yake ni ya Congo.

Mlima huo ni Rwenzori, upande wa Beni. Kilele chake kikubwa kinaitwa Margherita, kina metre 5109, na mpaka wa Congo na Uganda unapita pale pale juu. Katika Afrika nzima ni Kilimanjaro (metre 5895) na mlima Kenya (metre 5199) tu inayoupita. Si volkano sawa vile Nyiragongo na Nyamulagira, ambazo wekundu wake tunauona usiku mawinguni. Rwenzori ni mwamba wa kale sana uliosukumwa juu wakati ardhi ilipopasuka na kufanya lile bonde kubwa lenye maziwa yetu. Banande wanaoishi chini yake, na ndugu zao Wakonjo wa upande wa Uganda, wanaiita theluji nzururu. Walikuwa na jina la theluji kabla Mzungu yeyote hajakubali kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta.

Njia ya upande wetu inaanzia Mutsora, kituo cha mbuga ya Virunga karibu na Mutwanga. Kwanza unapita kando ya mashamba, halafu msitu mkubwa, na usiku wa kwanza unalala Kalonge, kwenye metre 2138. Kimo hicho si kigeni kwetu. Kuko watu wa Masisi wanaochunga ngombe juu kuliko pale. Siku ya pili unapanda kwenye mianzi, kisha mianzi inaisha na unaingia kati ya miti ya erika iliyofunikwa na ndevu ndefu za kijivu, na chini yake ni mizizi, matope na majani yaliyolowa kama sponji. Unalala Mahangu, karibu metre 3310. Siku ya tatu miti inabaki nyuma, unaanza kuona lobelia na senesio, mimea ambayo huku chini jamaa zao ni majani madogo tu lakini kule juu yanasimama marefu kuliko mtu. Unalala Kiondo, karibu metre 4300. Kutoka pale unaona maziwa madogo yaliyopewa majina kwa rangi, Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani, Ziwa la Kijivu, na juu yake barafu. Wasafiri wengi waliishia Kiondo wakarudi. Wenye kamba na vyuma vya kukanyagia barafu waliendelea mpaka juu.

Kwa kilometre, safari hii si kitu. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka Masisi mpaka Walikale anapita mbali zaidi. Kwa nini basi watu wazima wenye nguvu wanahesabu siku tano au sita kwenda na kurudi, na zaidi ikiwa wanataka kilele?

Jibu liko ndani ya hewa. Hewa ina uzito, na hewa ya juu inakandamiza hewa ya chini. Ukipanda, ile iliyobaki juu yako inapungua, kwa hiyo kila pumzi inakuwa nyepesi. Oksijeni ni sehemu ile ile, 21 kwa mia, ufukoni kwa bahari na kileleni. Kinachopungua ni wingi wa hewa yenyewe. Kalonge pumzi moja inakupa karibu 78 kwa mia ya ile ya pwani. Mahangu, karibu 67. Kiondo, karibu 59. Kule Margherita ni zaidi ya nusu kidogo tu. Yaani kileleni unavuta hewa mara mbili kwa kupata kile ambacho mtu wa Mombasa anapata mara moja.

Tena si lazima mwende Rwenzori kwa kuona kazi ya hewa. Nendeni jikoni. Mama mpishi wetu, aliyezaliwa upande wa Walikale, kila muhula analalamika: “Kwetu maharagi inaiva mbiyo, huku inakataa, inakula makala tu.” Wengi wanamcheka wakisema ni maneno ya kukumbuka kwao. Lakini ana haki kabisa. Hewa ikiwa nyepesi, maji yanachemka mapema kabla hayajawa moto sana. Kwa kila metre 300 za kupanda, yanapoteza karibu digri moja. Walikale kwenye msitu, chini ya metre 1000, maji yanachemka kwenye digri 97 au 98. Juu ya milima yetu ya metre 2000, ni 93 tu. Ongeza makala upendavyo, sufuria bila kifuniko cha kukaza haitapita 93. Na kule Kiondo ni 86! Maharagi kule utayachemsha asubuhi mpaka jioni na yatabaki kama changarawe. Mwenye akili anapanda na unga, mchele na samaki wakavu, na kama hawezi kuishi bila maharagi, anayapika huku chini kwanza.

Mwili wa mtu unajua kujitengeneza, lakini unataka usiku. Saa za kwanza unapumua upesi na moyo unapiga upesi. Baada ya siku chache figo zinarekebisha maji ya damu ili uweze kuendelea kupumua hivyo hata ukilala. Baada ya majuma, damu inaongeza chembe zake nyekundu. Hakuna zoezi wala dawa ya kienyeji inayofanya kazi hii kwa saa moja. Kwa hiyo kanuni ya wapanda milima dunia nzima ni hii: ukishapita metre 3000, mahali pa kulala kila usiku pasizidi metre 500 juu ya pale ulipolala jana, na kila siku ya tatu au ya nne ulale mahali pale pale mara mbili. Mchana unaweza kupanda zaidi, mradi ushuke kulala.

Asiyefuata anaanza kuumwa kichwa, anatapika, hataki chakula, hapati usingizi. Hiyo bado ni onyo. Akilazimisha, maji yanaweza kuingia katika mapafu, anakohoa povu na kukosa pumzi hata akiwa amekaa. Au ubongo unavimba, anayumba sawa vile mlevi na kusema ovyo. Wengine wanakufa usiku ule ule. Dawa ya kwanza ni kushuka, kushuka mara moja, hata gizani, hata ikiwa amebebwa. Metre 500 au 1000 chini zinaweza kumrudishia uzima.

Na hapa nimjibu yule ndugu wa siku tatu. Miguu ya Masisi ni miguu mizuri, nakubali, na kuzaliwa kwenye metre 2000 kunasaidia kidogo. Lakini ugonjwa huu hauangalii misuli. Tena unapenda vijana wenye nguvu, kwa sababu ndio wanaofika juu mbio kabla damu yao haijawa tayari. Mzee anayesimama kila hatua ishirini ana nafasi nzuri kuliko mchezaji wetu namba 9.

Sasa linganisheni njia mbili. Wanaokwenda chini ya Everest wanaanzia Lukla, metre 2860. Wanalala Namche, metre 3440, usiku mbili. Halafu Tengboche, karibu 3860. Halafu Dingboche, 4410, usiku mbili tena. Ndipo wanasogea mpaka kambi ya metre 5364. Ni ngazi yenye vipandio vifupi, juu kuko vijiji kila mahali pa kupumzika. Rwenzori yetu ina ngazi yenye kipandio kimoja kirefu mno: kutoka Mahangu mpaka Kiondo ni karibu metre elfu moja kwa siku moja. Kwa kanuni niliyoandika juu, hilo ni kosa la njia yenyewe, na mimi ningeshauri kila mtu alale Mahangu mara mbili hata kama mvua inamchosha.

Kwa nini kule kuko vijiji na kwetu hakuna? Walimu wawili walinipa majibu tofauti, na naona wote wana haki. Himalaya iko mbali na ikweta, ina majira ya joto: miezi michache watu wanapanda viazi na shayiri hata kwenye metre 4000, na wana ngombe wa manyoya marefu, yaki, wanaovumilia baridi. Sherpa wameishi kule vizazi vingi mpaka miili yao inarithi kwa wazazi ginsi ya kutumia hewa kidogo. Rwenzori haina majira ya joto. Kila siku ni mvua au ukungu, kila usiku huko juu ni baridi ya kugandisha maji, na udongo wake ni matope yasiyokauka. Viazi vya Masisi vyenyewe vingeoza. Tena sehemu ya Congo ilifanywa mbuga wakati wa Wabelgiji, kwa hiyo mashamba yana mpaka wake hata pale ambapo udongo ungekubali.

Kuna jambo moja ambalo milima hii miwili inafanana, na hakuna kitabu cha jografia kilichonionyesha. Ni kamba. Wabebaji wa Nepal wanabeba mzigo katika kitunga mgongoni, na kitunga kinashikwa na mkanda mpana unaopita kwenye kipaji cha uso. Wakiita kitunga doko, na mkanda namlo. Je, si vile vile wamama wetu wanavyobeba kuni, muhogo na makala tangu Masisi mpaka Butembo? Shingo inachukua kazi, mikono inabaki huru kushika fimbo au mtoto. Mtu wa Nepal akifika sokoni Nyabiondo siku ya soko, mzigo hautamshangaza.

Wabebaji ndio walioleta wageni juu. Mwaka 1906, Mtaliani Luigi Amedeo, duki wa Abruzzi, alipanda kutoka upande wa Uganda na kufika Margherita tarehe 18 Juni. Alikipa kilele jina la malkia mama wa nchi yake. Waongozi aliokuja nao kutoka Ulaya wanajulikana: Petigax, Ollier, Brocherel. Wakonjo walibeba mizigo yake katika matope mpaka kambi ya Bujongolo, karibu metre 3800, na kilele cha jirani kikaitwa Alexandra, na milima ikaitwa Speke, Baker, Stanley. Mwaka 1932 Wabelgiji wa Xavier de Grunne walikuja kwa upande wetu wa Congo. Kule Himalaya, Tenzing Norgay alianza kama mbebaji mwaka 1935, na mwaka 1953 alisimama juu ya Everest pamoja na Hillary, dunia nzima ikajua jina lake. Upande wetu bado tunangoja mtu aende Mutwanga na daftari, aulize wazee wa pale nani alibeba, alilipwa nini, na nani hakurudi. Mwanafunzi wa historia anayetafuta kazi, hii hapa.

Lakini kwenda si rahisi. Toka Oktoba 2014 mauaji yalianza Beni. Machi 2020 mbuga ya Virunga ilifunga milango kwa wageni wakati wa Korona, na mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 2021 wauaji walifika katika vijiji vya sekta ya Rwenzori yenyewe, chini kabisa ya njia niliyoieleza. Sisi wa Masisi na Walikale hatuna haja ya kuelezwa maana ya kijiji kukimbiwa. Mbebaji aliyekimbia na watoto wake hawezi kungoja mtalii kwenye mlango wa mbuga.

Na barafu haingoji. Wakati wa Abruzzi, mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilifunika karibu kilometre za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilibaki chini ya 1. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya milima ya Afrika iliyo katika urithi wa dunia inaelekea kuisha yote kufika 2050. Mtoto aliyezaliwa 2012, anayekaa leo benchi la mbele na kubishana juu ya Everest, atakuwa na miaka 38.